Siku Niliyomkava

Kamusi yangu ya Kiingereza haina jalada. Ilitoka nalo Kitale, ndani ya sanduku, kati ya suruali mbili na chupa ya dawa ya kikohozi aliyonilazimisha mama, na ilipofika Doha lilikuwa limeshaanza kuchomoka. Sikulibandika. Siku hizi ukiiweka mezani inafunguka yenyewe kwenye ukurasa mmoja wa herufi C, kwa sababu pale katikati nimeweka karatasi iliyokunjwa mara nne. Kitenzi kinachoongoza ukurasa huo ni cover. Nimezisoma maana zake zote, zile kubwa zenye namba na zile ndogo za kukodolea macho, na ile ninayoijua mimi sijaiona.

Nilikuwa mwalimu kabla ya kuwa mlinzi. Mwalimu asiye na cheti, wa kuajiriwa na kamati ya wazazi, Kiingereza cha darasa la sita na la saba. Nilikipenda kitenzi hicho kwa sababu kilinirahisishia kazi, na kwa sababu watoto walikuwa wakikitumia bila kujua ni cha nani. Muhula ukifunguliwa kila mtoto alitakiwa kukava vitabu vyake kwa gazeti. Mwalimu mkuu naye akichungulia dirishani aliniuliza nimekava silabasi hadi wapi. Mvua ikianza, mpishi alipiga kelele mtu akakave kuni. Niliwaambia watoto kitenzi hiki ni kama mjomba wangu, ana boma kila penye soko, na kila boma anajulikana kwa jina jingine. Walicheka sana. Mwalimu mkuu hakucheka, maana yeye na mjomba huyo walikuwa wakitembea pamoja.

Nilifika Doha mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, kabla treni ya mjini haijachimbiwa njia. Kampuni ilituweka kambi ya Industrial Area, chumba cha watu sita, vitanda vya ghorofa vitatu, dirisha moja linalotazama karakana ya kupaka magari rangi. Kiingereza changu cha ubaoni nilikivua mlangoni pamoja na viatu. Hapa kitenzi changu kilikuwa kimeajiriwa upya. Mkufunzi alitufundisha kukava geti, yaani kulitazama bila kuliacha hata kwa haja ndogo. Kukava ghorofa nne kwa nusu saa ilikuwa kuzitembea zote na kuandika umezitembea. Vumbi likija tulikava pua kwa kitambaa. Kadi ya hospitali ilikava magonjwa fulani na mengine haikuyakava, na hakuna aliyejua ni yapi mpaka ayapate.

Lakini matumizi makubwa kuliko yote yalikuwa yale ya chumbani. "Nikavie kesho." Maana yake: kesho wewe una mapumziko na mimi nina zamu, basi vaa beji yangu, panda basi langu, itikia namba yangu, simama mahali pangu. Yunifomu zilikuwa moja. Kofia ilikuwa na ukingo mrefu unaoficha macho. Alfajiri mtu wa kuhesabu, tuliyemwita taimkipa, alisimama mlangoni pa basi na orodha yake na kusoma namba, si majina, na mradi kila namba ilijibiwa "yes sir" aliridhika. Wasimamizi walituona sote uso mmoja. Jambo hilo lilituudhi mno, na tulilitumia kila wiki.

Tulikaviana kwa ajili ya misa, kwa ajili ya Ijumaa msikitini, kwa ajili ya binamu aliyepita mtaa wa Najma mara moja akielekea kwingine. Mimi nilikaviwa siku baba yangu alipopasuliwa tumbo Eldoret. Nilishinda Najma, kwenye duka dogo lenye vibanda vya simu nyuma ya kinyozi, nikipiga kila saa mpaka ndugu zangu wakachoka kupokea. Aliyesimama mahali pangu siku nzima juani alikuwa mwenzangu wa kitanda cha chini.

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Alitoka Taveta. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne hivi, mrefu, mwenye mwanya ambao alipiga mluzi kupitia hapo bila kufungua mdomo sawasawa, hivyo mluzi wake ulikuwa kama unatoka chumba cha pili. Suruali ya kazi aliilaza chini ya godoro ili ijipige pasi. Dirishani aliotesha kitunguu katika chupa ya maji iliyokatwa, na majani yalipochomoza aliyakata kwa mkasi wa kucha na kutunyunyizia juu ya mayai, kila mtu vipande vitano sita. Vipande vilivyobaki alivifunga kwenye karatasi na kumpelekea mfagiaji mmoja wa Nepal pale alipolinda. Mimi aliniita Ticha. Chumba kizima kiliniita Mwalimu, kwa heshima, lakini yeye aliniita Ticha kwa namna ya mtu anayetaka kufundishwa kweli.

Na alitaka. Kulikuwa na hoteli iliyokuwa ikichukua walinzi kutoka kwetu, kazi ya ndani, kwenye kiyoyozi, kufungulia watu milango ya kioo. Walisema watachukua wale ambao kwa miezi mitatu hawajakosa zamu hata moja. Nilimwandikia barua ya maombi, na jioni tulikaa kitandani kwake nikimhoji kama mimi ndiye meneja wa hoteli, nikimkaripia akisema neno vibaya. Aliyasema tena na tena mpaka yule Mganda wa kitanda cha pembeni akatuomba tumwonee huruma. Miezi mitatu ilikuwa inakwisha. Zilibaki siku nne.

Ilikuwa Agosti, Jumanne, siku yangu ya mapumziko. Wenzetu wote wa chumba walikuwa wa zamu ya mchana na walikuwa wameshaingia bafuni. Nilishuka kutoka kitanda cha juu kwenda kunywa maji, nikamkuta ameketi ukingoni, kichwa mikononi.

"Ticha, leo siwezi," alisema. "Kichwa kinapasuka tangu jana. Nimetapika mara mbili. Wacha niende kwa kempbosi anipeleke kliniki."

Kempbosi alikuwa mkuu wa kambi. Ukisema mgonjwa, aliandika jina lako, akakupakia kwenye gari dogo, na daktari akikupa karatasi ulihesabiwa kuwa ulikosa zamu kwa ruhusa. Kwa ruhusa, lakini ulikosa. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari kwenye ndara na ule mwingine ulikuwa ukiitafuta chini ya kitanda.

Nilikasirika. Sitaki kujipamba hapa. Sikumwonea huruma kwanza, nilikasirika, hasira ya mwalimu anayemwona mwanafunzi wake bora akiacha swali la mwisho. "Wewe ni mjinga?" nilimwambia. "Zimebaki siku nne. Nne! Kichwa gani hicho cha kukunyima hoteli? Ni jua tu. Lala, mimi niko ofu. Nitakukava."

"Una uhakika, Ticha?"

"Una siku yako kwangu tangu ile ya baba. Kunywa maji, lala. Jioni utakuwa sawa."

Alinitazama kidogo. Kisha alitoa mguu kwenye ndara, akajilaza. "Haya, Ticha," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Alikuwa anatetemeka, na kiyoyozi chetu hakikuwa na katikati, kiligandisha au kilizima. Nilichukua blanketi langu nikamwongezea juu ya lake. Nikavuta pazia la kitanda chake, lile alilolishona mwenyewe kutokana na shuka, ili mwanga wa dirishani usimsumbue. Nikatoa beji yake kwenye shati lililoning'inia, nikaibandika kifuani kwangu, nikavaa kofia yake. Ilinibana kidogo.

Mlangoni pa basi taimkipa alisoma namba yake. "Yes sir," niliitika. Nilipanda, nikakaa dirishani, na nilijisikia mtu mwema. Hilo pia nataka liandikwe.

Mahali pake palikuwa geti la nyuma la jengo la ofisi mjini, geti la magari ya mizigo. Kibanda kilikuwa na kiti kimoja, feni moja na kitabu cha lindo. Katika kitabu hicho mlinzi huandika kila baada ya saa mbili, kwa Kiingereza kile kifupi tulichofundishwa, amefanya nini na hali ikoje. Niliandika kwa jina lake: saa kumi na mbili asubuhi, nimepokea lindo, kila kitu sawa. Saa mbili, nimezunguka ua, kila kitu sawa. Saa nne nilimpigia simu. Iliita mpaka ikakatika. Nikafurahi, nikasema moyoni, amelala, ndivyo inavyotakiwa. Niliandika: kila kitu sawa.

Karibu na saa sita mtu aliniita kwa nyuma. Alikuwa yule mfagiaji wa Nepal, hakuwa ameniona uso. Aliita jina la mwenzangu, lile la kwenye beji, kwa sauti ya mtu anayejua ataletewa kitu. Nyumbani kwetu bibi alitukataza kuitikia jina lisilo letu. Alisema ukiliitikia umejitwika ya mwenyewe. Sisi tulimcheka bibi. Niligeuka nikaitika, na mfagiaji alipoona uso wangu tabasamu lake lilisinyaa, akauliza rafiki yake yuko wapi. Nilimwambia kwa ishara: amelala. Alienda zake na ufagio wake. Nikaingia kibandani, nikaandika: saa sita, kila kitu sawa.

Saa nane nilipiga simu tena. Ikaita, ikakatika. Nilifurahi tena, ingawa safari hii nilifurahi kwa shida kidogo, nikajilaumu kwa kuwa na wasiwasi wa kike, kama mama yangu angesema. Saa nane, kila kitu sawa. Saa kumi, kila kitu sawa. Saa kumi na mbili jioni nimekabidhi lindo, kila kitu sawa. Basi liliporudi kambini nilishuka dukani nikamnunulia laban baridi, yale maziwa mala ya huko, maana mtu aliyetapika hutamani kitu chenye uchachu.

Mganda alifungua mlango, mimi nilikuwa nyuma yake. Pazia lilikuwa vilevile nilivyoliacha. Hata ule mkunjo wa chini, pale nilipolichomeka kwenye godoro, ulikuwa palepale. Nilijua kabla sijagusa. Nilivuta pazia, nikamshika mguu juu ya blanketi langu, na mguu ulikuwa mzito na baridi. Simu ilikuwa karibu na sikio lake ikionyesha simu mbili alizokosa, zote kutoka kwangu.

Sikulia. Nilisimama na laban mkononi. Mganda alisogea akanitazama kifuani.

"Mwalimu, toa hiyo beji," alisema polepole. "Toa, ssebo. Toa sasa hivi."

Akaitoa mwenyewe kifuani kwangu. Akaibandika kwenye shati lililoning'inia, akatundika kofia. Wale wengine watatu waliingia, wakaona, wakarudi ukutani. Mganda akawaambia kwa sauti ya chini: alikwenda kazini, akarudi mapema na basi la kwanza, akalala. Tukisema vingine sote sita tunapandishwa ndege. Akajisahihisha: sote watano. Hakuna aliyebisha. Mimi sikubisha. Kisha ndipo tulipokwenda kumwita kempbosi.

Hospitali iliandika kwamba moyo ulisimama, na kwamba ulisimama saa sita mchana hivi. Kitabu cha lindo kilisema alikabidhi zamu jioni. Nilingoja mtu aziweke karatasi hizo mbili pamoja. Nilijiandaa, nilikuwa na maneno tayari, nikakonda kwa kuyabeba. Hakuna aliyeziweka pamoja. Ofisini mtu mmoja mpole alitoa nakala ya kila kilichokuwa kwenye faili la marehemu, akatumbukiza yote katika bahasha ya kaki iende na mizigo. Alitutuliza kwamba tusihangaike kuhusu kusafirishwa kwa mwili. Alitumia kitenzi changu. Alisema kijana wenu amekaviwa. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa barabara, mikono chini ya mapaja, kwa sababu niliogopa nitakachoifanyia meza ile.

Asubuhi iliyofuata usiku ule tuliomkuta, orodha ilikuwa bado haijabadilishwa. Taimkipa alisoma namba yake. Kimya. Akaisoma tena, akainua macho. Akaisoma mara ya tatu, kisha akamwambia kempbosi, ambaye pengine katika mkanganyiko wa usiku hakuwa ameunganisha namba na mtu. Naye alifanya kilichokuwa kazi yake kila siku namba ilipokosa kujibiwa: alitembea haraka hadi chumbani kwetu na kugonga mlango. Nilimwona kupitia dirisha la basi. Haikumchukua hata dakika mbili kufika. Aligonga, akaita, akasukuma mlango, kisha akasimama pale kizingitini akashika kichwa, maana alikuwa amekumbuka.

Ndivyo ingekuwa. Sina haja ya daktari kunieleza. Kama ningekaa kimya Jumanne ile, nikalala zangu kitanda cha juu kama mtu mvivu, namba isingejibiwa na mlango ungegongwa kabla jua halijatoka vizuri. Watu wananiambia ningejuaje. Ni kweli, nisingejua. Lakini yeye alijua, alikuwa ameshavaa ndara moja, na mimi ndiye niliyemvua.

Namba ile ilikaa kwenye orodha siku tisa. Siku ya saba, sijui nilikuwa nawaza nini, ilisomwa na mdomo wangu ukasema "yes sir." Mhindi mmoja aliyekuwa nyuma alianza kusali kwa lugha yake. Taimkipa alitia alama bila kuinua macho, na tukaenda kazini, tukiwa na mtu mmoja zaidi kwa mujibu wa karatasi.

Orodha ya hoteli ilitoka baada ya hapo. Jina lake lilikuwa la tatu. Hakuwa amekosa zamu hata moja.

Kitunguu kiliendelea kuota. Hatukukikata wala kukitupa. Mganda alikimwagia maji kila asubuhi kwa kifuniko cha chupa, mpaka majani yakawa marefu yakajikunja kwenye kioo, na kilipooza mwishowe alikitoa nje akiwa amenipa mgongo. Kitanda cha chini kililetewa mtu mwingine, kijana mwema kutoka Mbale, na mimi niliomba kuhama chumba. Sikusema sababu. Nilikuwa nausikia mluzi, na kwa kuwa hata alipokuwa hai ulikuwa kama unatoka chumba cha pili, sikuwa na njia ya kujua kama umebadilika.

Nilirudi likizo mwaka uliofuata. Kabla sijakaa wiki Kitale, simu ilikuja kutoka kwa ndugu yake. Mama yao alitaka kumwona yule anayeitwa Ticha. Mwanawe alimtaja kila alipopiga simu, na mama alikuwa na jambo la kumwuliza mtu aliyesoma. Nilisafiri siku mbili. Nilibeba kofia yake, niliyokuwa nimeificha siku mizigo ilipofungwa, sijui kwa nini.

Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Taveta, karibu na mfereji wa kunyweshea migomba. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kavu, na mwanya ulikuwa wake, hapo ndipo mtoto alipoutoa. Alinipa ndizi za nyama, akanitazama nikila mpaka nikamaliza, akawatoa nje wajukuu na jirani mmoja aliyekuja kuchungulia. Kisha akaleta bahasha ya kaki. Ilikuwa imelainika kama kitambaa kwa kushikwa.

"Wewe ni mwalimu, mwanangu," alisema. "Nisomee hizi mbili. Nimesomewa na karani wa chifu, nimesomewa na mchungaji, nimesomewa na msichana wa sekondari. Kila mmoja akifika mwisho ananyamaza."

Ya kwanza ilikuwa ya hospitali. Ya pili ilikuwa nakala ya ukurasa wa kitabu cha lindo. Nilijua mwandiko kabla ya kujua karatasi. Nilimsomea. Nilisoma yote, saa kumi na mbili, saa mbili, saa nne, saa sita, nikaitafsiri kila "kila kitu sawa" kwa sauti ambayo sikuitambua.

"Umeona," alisema. "Mimi sikusoma, lakini saa nazijua. Mwanangu alikufa saa sita. Saa nane akaandika. Saa kumi akaandika. Jioni akakabidhi kazi. Mchungaji anasema mashine ilikosea. Mashine gani, na huu ni mkono wa mtu? Hapa mtaani wanasema kafa akiwa amesimama, na kwa kuwa hakuna aliyemwambia, bado amesimama."

Nilitaka kusema kitu. Alinizuia kwa kiganja.

"Mwaka mzima sijalala, mwalimu. Nikipika namwona juani. Nikilala namwona juani. Anangoja mtu wa kumpokea, na hakuna anayekuja. Wewe unarudi huko. Nakuomba kama mama yako. Nenda mpaka kwenye hilo geti, simama pale, umwambie zamu imekwisha, arudi nyumbani. Umwite hivi." Akaniambia jina la utotoni, lile la nyumbani, ambalo sikuwa nimewahi kulisikia na ambalo siliandiki hapa.

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Nilikuwa naipenda ile ndiyo. Ningekwenda kweli, ningesimama getini nikaita jina, ningempigia simu na kumwambia mama, nimemwambia, ameondoka. Angelala. Na mimi ningekuwa nimemkava mwanawe mara ya pili. Nilitazama ile karatasi na nilichukia mwandiko wangu mzuri, mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama wima.

"Mama," nilisema, "aliyesimama pale getini nilikuwa mimi."

Nilimweleza yote. Namba, beji, kofia. Hoteli na zile siku nne. Nilimweleza desturi yetu na jinsi tulivyoipenda. Sikulia hapo pia, nilieleza kama anayetoa ripoti, na nilipomaliza niliitoa kofia kwenye begi nikaiweka mezani.

Nje mtu alikuwa akifungulia maji mferejini.

"Kwa hiyo hakusimama juani," alisema.

"Hapana, mama. Hakusimama."

"Alikuwa wapi?"

"Kitandani. Nilimfunika blanketi mbili."

Nikaona mabega yake yakishuka. Kweli yalishuka, alipumua kama mtu aliyetua ndoo, na kwa kitambo kidogo niliamini kwamba nimefanya jema. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayeuliza njia:

"Na alikuwa na nani?"

"Peke yake, mama."

"Alitaka kwenda hospitali?"

"Alitaka."

Alitikisa kichwa taratibu. Akaichukua kofia, akapangusa vumbi ambalo halikuwepo, akaiweka mapajani. Karatasi ya hospitali aliirudisha katika bahasha. Ile nyingine aliikunja, akaikunja tena, mara nne, akiifuata mikunjo iliyokuwepo, akaniwekea mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Hii nenda nayo," alisema. "Mimi nilidhani ni mwandiko wa mwanangu."